Taa ya Upepo wa Matairi

MASWALI YA WASOMAJI NA MAJIBU YAKE

Ukurasa huu ni wa maswali ya nyumbani, yaani mambo ambayo kila nyumba huyakuta na si kila nyumba hupata wa kuyauliza. Swali la mwezi huu ni la gari. Tumelitanguliza mbele ya mengine kwa kuwa magari yenye jambo hili yameenea sasa mijini na mashambani, na jawabu lake lahusu roho za watu.

SWALI: Gari letu lina taa ya rangi ya manjano, mfano wa kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao katikati. Asubuhi taa hiyo yawaka, na tukisha kwenda mwendo kidogo yazimika yenyewe. Fundi mmoja ametuambia tusiijali, kwani gari latembea vizuri. Mwingine ametuambia aiondoe kabisa tupumzike na udhia. Nasi karibu tutasafiri safari ya mbali, na garini mtakuwa na wazee na watoto. Je, tushike kauli ya nani?

JAWABU: Msishike kauli hata moja katika hizo mbili. Taa hiyo si pambo, wala si ugonjwa wa gari. Ni taa ya onyo, na maana yake ni kwamba upepo wa tairi moja, au wa matairi kadhaa, umepungua mpaka kiasi cha khatari. Huyo aliyesema msiijali amelitazama gari linavyotembea, wala hakulipima tairi. Na huyo ataka kuiondoa ni kama mtu ambaye mlinzi wake amepiga ukelele usiku, naye badala ya kutoka akatazame mlangoni, akamziba mlinzi mdomo ili apate usingizi.

Lakini haitoshi kusema hivyo tu. Mwenye gari apaswa kujua taa hii husema nini, husema wakati gani, na lipi hailisemi. Tutayaeleza haya moja baada ya jingine.

Upepo ndio uchukuao mzigo

Watu wengi hudhani ya kuwa gari huchukuliwa na mpira. Sivyo. Mpira ni mfuko tu. Kinachobeba chuma, watu na mizigo ni upepo ulioshindiliwa ndani ya mfuko huo. Upepo ukiwa kamili, ubavu wa tairi husimama imara. Ukipungua, ubavu hulala kila unapofika chini, kisha hunyanyuka, kisha hulala tena.

Tairi la gari dogo likizunguka mara moja huenda kiasi cha mita 2. Basi gari likienda kilomita 100, kila tairi huwa limezunguka mara 50,000 hivi, na ubavu ule umekunjwa na kukunjuliwa mara hizo zote. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi upesi kwa vidole, kisha ukiguse pale penye kunjo: utakiona kimepata moto. Ukiendelea, kitakatika. Ndivyo lipatavyo tairi lenye upepo haba. Joto huzaliwa ndani ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki. Tabaka za mpira na nyuzi za chuma zilizoshikana huanza kuachana. Mwisho ngozi ya nje hubanduka, au ubavu hupasuka.

Na jambo hili halitokei gari likiwa limesimama uani. Hutokea katika barabara kuu, mchana wa jua, gari likiwa mbioni na limejaa watu. Kwa kuwa mzigo, mwendo na jua vyote huongeza joto lile lile. Hii ndiyo sababu mtu aweza kutembea mjini miezi mitatu na tairi pungufu bila ya kuona neno, kisha siku ya safari likampasukia. Watu watasema, "Ajali haina kinga." Kweli, zipo zisizo na kinga. Hii kinga yake ilikuwapo, nayo ni geji na pampu.

Taa hii ilitoka wapi

Magari ya zamani hayakuwa na taa ya namna hii. Dereva alikuwa akigonga tairi kwa mguu au kwa nyundo, akasikiliza mlio. Vyombo vya kupima upepo toka ndani ya gurudumu vilianza kutiwa katika magari machache ya ghali katika miaka ya 1980. Kilichovifanya vienee ni msiba mkubwa uliotokea Marekani.

Mwezi wa Agosti mwaka 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6 na nusu, ambayo mengi yao yalikuwa katika magari ya Ford Explorer. Matairi hayo yalikuwa yakibanduka ngozi barabarani, na magari yakipinduka. Wakubwa wa usalama wa barabara wa nchi hiyo walihesabu vifo zaidi ya 200. Kampuni mbili hizo zilishindana sana juu ya nani wa kulaumiwa, na moja katika yaliyoshindaniwa ni upepo: Ford ilikuwa imewaambia wenye magari watie pauni 26, na Firestone ikisema zilipasa kuwa 30. Kasoro ya matairi yenyewe ilikuwapo. Lakini jambo hili liliwazindua watu wakaona ya kwamba pauni chache za upepo, pamoja na joto na mwendo, si jambo la kudharauliwa.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2000 ikapitishwa sheria, na kwa sheria hiyo ikaamriwa kwamba magari madogo mapya yote yatakayouzwa Marekani tangu Septemba 2007 yawe na taa ya kuonya. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zikafuata: magari ya aina mpya kuanzia Novemba 2012, na kila gari jipya kuanzia Novemba 2014. Basi taa hii mnayoiona mbele ya usukani ni matokeo ya makaburi ya watu. Haifai kuibandika karatasi nyeusi.

Gari hujuaje

Ziko njia mbili, na yapasa kujua gari lako latumia ipi, kwani kila moja ina adabu zake.

Njia ya kwanza ni ya kupima upepo wenyewe. Ndani ya kila gurudumu, pale kwenye kinywa cha kutilia upepo, hufungwa kidude kidogo chenye betri. Kidude hiki hupima upepo na kupeleka khabari kwa redio mpaka kwenye gari. Sifa yake ni kwamba hujua kila tairi peke yake, na magari mengine huonyesha hata nambari. Ila yake ni kwamba betri hiyo huishi miaka 5 mpaka 10 hivi, na kwa kawaida haibadilishwi. Ikifa, hununuliwa kidude kingine kizima. Hili latuhusu sana watu wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa magari mengi hutufikia yakiwa yamekwisha tumika. Kenya, kwa mfano, huruhusu kuingizwa gari lenye umri usiozidi miaka 8. Gari la umri huo laweza kushuka bandarini na betri za magurudumu yake zimo katika kukata roho.

Tena, unaponunua kidude kipya, hakikisha ni cha redio ya namna ile ile. Vingi vya Marekani husema katika megahezi 315, na vya Ulaya katika 433. Ukivichanganya, gari halitasikia neno.

Njia ya pili haipimi upepo hata kidogo. Hutumia vyombo vya breki, ambavyo huhesabu kila gurudumu lazunguka mara ngapi. Tairi lililopungukiwa na upepo huwa limefupika kidogo, kwa hiyo sharti lizunguke mara nyingi zaidi ili liende sawa na wenzake. Gari likiona gurudumu moja lapita mwendo wa mengine, hutambua kwamba tairi hilo limepungua, likawasha taa. Njia hii haina betri za kufa. Lakini yahitaji kufundishwa: kila ukisha jaza upepo au kubadili matairi, huna budi kubonyeza kitufe, au kufuata maagizo ya kitabu cha gari, ili likariri hali mpya na kuifanya ndiyo kipimo.

Na hapa ndipo penye kosa lifanywalo na wengi. Taa ikiwaka, mtu hukibonyeza kitufe kile bila ya kupima tairi, taa ikazimika, akafurahi. Huyo hakulitengeneza gari, amelifundisha uwongo. Amelikaririsha ya kuwa tairi pungufu ndilo tairi kamili, na tangu siku hiyo gari litamficha khatari kwa amri yake mwenyewe.

Namna tatu za kusema kwake

Kwanza, taa yawaka na kubaki imewaka. Maana yake ni upepo umepungua. Kwa sheria ya Marekani, taa haina budi kuwaka tairi likipungukiwa na robo ya upepo uliowekwa na wenye kuunda gari. Basi kama gari lako lahitaji pauni 32, taa yaweza kunyamaza mpaka zibaki 24. Kipimo cha Ulaya ni kikali zaidi, nacho ni asilimia 20. Fahamu basi: taa hii haikuamshi mwanzo wa jambo, hukuamsha mambo yakisha kwenda mbali. Atakayeipuuza ameupuuza wito uliokuja umechelewa.

Pili, taa yamemeta kwa kiasi cha dakika moja au moja na nusu unapowasha gari, kisha hukaa imewaka. Hapa haisemi kuwa upepo umepungua. Husema chombo chenyewe cha kupima kimeharibika, aghalabu betri ya gurudumu moja imekufa, au umefungwa mguu usio na kidude. Gari la namna hii limekuwa kipofu. Laweza kutembea, lakini tairi likipungua halitakwambia, na kwa hiyo wajibu wote wa kutazama umerudi kwako.

Tatu, taa haiwaki kabisa. Tazama unapofungua ufunguo kabla ya mashine kunguruma: taa za onyo huwaka zote kwa nukta chache, kisha huzimika. Huko ni kujijaribu. Ikiwa gari lako ni la namna yenye taa hii, nayo haionekani kati ya wenzake wakati huo, yawezekana imekufa au yuko aliyeizima kabla hujalinunua. Na yapo magari mengi, hasa ya zamani, ambayo hayakuumbwa na taa hii. Kutoiona si dalili ya usalama.

Kwa nini yawaka asubuhi na kuzimika baadaye

Hili ndilo lililowashughulisha waulizaji wetu. Upepo ukipata baridi hunywea, na ukipata joto hutanuka. Katika tairi la gari dogo, joto likishuka nyuzi 5 au 6 za sentigredi, upepo hupungua kama pauni 1. Usiku wa baridi, tairi ambalo limekaribia ukomo hushuka chini yake, na alfajiri taa huwaka. Gari likienda, mpira hupata moto, upepo hutanuka, hupanda pauni 4 mpaka 6, na taa huzimika.

Sasa lifikirini jambo hili kwa nambari. Gari lataka pauni 32. Alfajiri lina 24, taa yawaka. Baada ya nusu saa lina 28; taa yazimika. Je, tairi limepona? Hapana. Hakuna aliyeongeza upepo hata kidogo. Tairi lile lina upungufu wa robo tangu alfajiri mpaka usiku, na lililozima taa ni lile lile joto tulilolieleza kuwa ndilo adui. Kwa hiyo taa inayowaka asubuhi na kuzimika mchana si taa yenye wazimu. Ni shahidi wa kweli, na ushahidi wake utwaeni asubuhi.

Wale wanaosafiri kati ya pwani na bara wajue jambo moja zaidi. Geji hulinganisha upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Ukipanda kutoka Mombasa mpaka Nairobi, iliyoinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje huwa nyepesi, na geji yaweza kuonyesha zaidi ya pauni 2 juu ya ilivyoonyesha pwani, ijapokuwa hukutia kitu. Baridi ya bara nayo hushusha. Ukiteremka kwenda pwani mambo hugeuka. Nguvu mbili hizi hushindana, na mtu asijisumbue kuzipigia hesabu njiani. Dawa yake ni nyepesi: pale ulipolala, asubuhi, kabla ya kuondoka, pima na usawazishe.

Kunyamaza kwa taa si amani

Mmekwisha ona kwamba taa husubiri mpaka robo ipotee. Tairi zima lisilo na tundu hupoteza upepo wake polepole, kama pauni 1 kwa mwezi, na pengine zaidi. Basi tairi laweza kukaa nusu mwaka likizidi kudhoofika, na taa kimya.

Tena zile za njia ya pili, na hasa za magari ya zamani, hulinganisha gurudumu na gurudumu. Matairi yote manne yakipungua kwa pamoja na kwa kiasi kimoja, yote yatazunguka sawa, na gari halitaona tofauti. Na jambo hili ndilo litokealo katika nyumba ambayo haipimi upepo: yote manne huachwa pamoja, yakashuka pamoja.

Na tairi la akiba je? Katika magari mengi halimo katika hesabu ya taa. Hulala nyuma miaka, likasahauliwa, mpaka siku ya pancha likatolewa nalo halina kitu. Lile dogo jembamba la muda huhitaji upepo mwingi, mara nyingi pauni 60, na halikufanywa kwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Somo maandishi yake ubavuni.

Jicho nalo lisitegemewe. Matairi ya siku hizi huwa yametuna kidogo chini hata yakiwa na upepo kamili, kwa hiyo lenye pauni 32 na lenye 24 hufanana. Kulipiga teke hakusemi kitu. Geji ndiyo isemayo.

Taa ikiwaka safarini

Usibabaike, wala usikanyage breki kwa ghafula. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo taratibu, tafuta mahali penye nafasi nje ya barabara, tena pawe tambarare. Ukihisi gari lavutwa upande mmoja, au usukani umekuwa mzito, jua tairi limekwisha, na usitafute mji ulio mbele. Simama pa karibu penye usalama. Washushe abiria upande ulio mbali na magari, wakae nje ya njia, na watoto washikwe mikono.

Kisha tazama yote manne, uyapime ukiwa na geji. Yote yakiwa yamepungua kwa kiasi kimoja, ni uzembe wa siku nyingi; jaza upepo penye pampu ya karibu, ukienda mwendo wa polepole. Likiwa moja limeshuka kuliko wenzake, usiridhike na kulijaza. Ndani mna msumari au tundu, au kinywa cha upepo chavuja. Mpelekee fundi wa pancha. Likiwa limelala kabisa, lisitembezwe; lifunguliwe, lifungwe la akiba.

Na hapa tunawasihi sana. Tairi lililokwenda mwendo likiwa limelala au limebakiwa na upepo kidogo sana, lisijazwe na kurudishwa njiani hivi hivi. Fundi alivue, atazame ndani. Akikuta unga wa mpira, au mkunjo uliozunguka ubavu, tairi hilo limekufa ijapokuwa nje lang'ara. Kulijaza ni khatari hata kwa fundi mwenyewe, kwani laweza kupasuka wakati wa kulitia upepo; wala watoto wasisimame kulitazama.

Ikiwa gari lako lina vile vidude vya ndani, mwambie fundi kabla hajatia chuma chake kulivua tairi, ili asikivunje kidude. Neno moja tu, nalo laokoa fedha nyingi.

Namna ya kupima nyumbani

Kazi hii haichukui dakika 10, na kijana wa miaka kumi na mitano aweza kuifanya vizuri. Tungependa kila nyumba yenye gari imkabidhi mmoja wa vijana wake, mwana au binti, iwe ndiyo zamu yake. Mambo yenyewe ni haya:

1. Nunueni geji ya nyumbani. Msitegemee za vituo vya petroli peke yake, maana nyingine zimechoka.

2. Pimeni tairi likiwa baridi, yaani gari halijakwenda kwa saa 3, au limekwenda mwendo usiozidi kilomita 1 na nusu. Wakati bora ni asubuhi. Tairi lenye moto likisoma juu, msilipunguze. Mkilipunguza, likipoa litakuwa pungufu.

3. Kipimo kitazameni katika kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, au katika kitabu cha gari. Nambari iliyochongwa ubavuni mwa tairi sicho kipimo chenu. Huo ni ukomo ambao tairi lenyewe lisipitishwe. Yako magari ambayo matairi ya mbele na ya nyuma hayalingani, na mengine yana nambari ya pili kwa siku ya mzigo mwingi. Mkisafiri wote na mizigo yenu, shikeni hiyo ya mzigo.

4. Magari ya Japani aghalabu huandikwa kwa alama ya kPa, na geji nyingi kwetu husoma pauni, yaani PSI. Gaweni nambari ya kPa kwa 7, mtapata pauni kwa kukaribia: 230 ni pauni 33 hivi. Geji yenye alama zote mbili ni bora zaidi.

5. Mkimaliza, rudisheni kifuniko cha kinywa cha upepo, kwani huzuia vumbi na maji. Pimeni na la akiba. Andikeni tarehe na nambari katika daftari. Tairi linalopoteza zaidi ya wenzake kila mwezi litajulikana humo hata kabla ya taa kuwaka.

6. Rudieni kila mwezi, na kila mnapotaka kusafiri safari ya mbali.

Tujumlishe jawabu

Basi, enyi mliouliza: kesho asubuhi, kabla gari halijaondoka, pimeni matairi yote matano. Yatieni upepo kwa kadiri ya kibao. Kama gari lenu ni la njia ya pili, hapo ndipo mbonyeze kitufe, si kabla. Pimeni tena baada ya siku mbili tatu. Likishuka moja, lina tundu, na lazima lizibwe kabla ya safari. Yasiposhuka, na taa isiwake tena asubuhi, mtajua ya kuwa ilikuwa ikisema kweli siku zote, na kwamba ilichokuwa ikiomba ni kazi ya dakika chache. Ikiwaka na huku matairi yana upepo kamili, mpelekeni kwa fundi mwenye chombo cha kusoma vidude, awaambie ni kipi kilichokufa.

Ama mafundi wetu, twawaomba nao. Mtu akija na taa imewaka, msimwambie "haina neno" kabla hamjashika geji. Kumtoa mtu wasiwasi bila ya kupima si kumtendea wema. Na akitaka muizime taa kwa kuwa vidude ni ghali, mwambieni waziwazi ya kwamba kuanzia leo gari lake halitamuonya, na kwamba geji imekuwa faradhi kwake kila mwezi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wa ukuta alipoteza chokaa na mawe, na hivyo hupatikana tena. Aketiye mbele ya usukani amepewa amana ya watu: mama aliyelala kiti cha nyuma, mtoto aliyeegemea bega la nduguye. Hao hawaioni taa ile ya manjano. Aionaye ni mmoja tu, naye ndiye atakayeulizwa.